Kizingiti cha Senkoro

Mimi ni mtu wa mlima, na sisi watu wa mlima si wasemaji. Haya nayaandika kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno niliona nini Irango, na kila nikijaribu kujibu kwa mdomo hasira hunipanda nikaishia kutukana. Kwenye karatasi labda nitajizuia.

Miaka ishirini na sita nilipandisha wageni mlima wetu, kwanza nikiwa mpagazi, kisha mpishi, mwishoni kiongozi wa msafara. Katika miaka hiyo nilijifunza kwamba kila taifa lina namna yake ya kutembea. Wapo wanaomsalimia kila wanayepishana naye, hata awe mtu wa mia, mpaka mate yanawakauka. Wapo wanaoona kwamba kumsemesha mtu porini ni kumharibia utulivu wake. Wapo wanaobeba mikate ili wamgawie wasiyemjua, na wapo ambao hata maji hawamwonjeshi mwenzao wa hema moja. Na sisi wenyewe? Kwetu mtu akikukuta unapanda kilima bila mzigo na bila shughuli, atakuuliza kwa huruma nani kafa. Mlima kwetu ni mahali pa kazi. Kutembea kwa ajili ya kutembea tulikuona kwa wageni, na mpaka leo wengi wetu tunakucheka kimoyomoyo.

Kwa ajili ya ujuzi huo nikaalikwa Irango. Baraza lao la Njia lilitaka kusikia jinsi mataifa mengine yanavyotembea, ili, kwa maneno ya barua yao, wapate kuhakikisha kwamba wao ndio wanaotembea vizuri. Nikaenda. Safari yenyewe haina la kusimulia.

Irango ni upande mmoja wa mlima. Upande wa pili ni nchi ya Solwe, na mpaka unapita juu kabisa, katikati ya kilele. Watu wa Solwe hawapandi kileleni. Wao huzunguka upande wao wa mlima kwa makundi, wakiimba, na kila baada ya mwendo wa saa moja pana kibanda chenye karani anayeandika nani amepita, saa ngapi, alikaa wapi kupumzika na alikula nini. Sheria yao kubwa ni moja tu: mtu asitoke kwenye mzunguko. Watu wa Irango huwaonea huruma sana. Walinieleza, kwa upole, kwamba jirani zao ni watu wanaokwenda walikotoka.

Watu wa Irango wao hupanda. Kileleni kuna kitabu ndani ya sanduku la mawe, na kila anayefika huandika jina lake. Jina likiingia Kitabuni, mtu huyo amekwenda mlimani. Lisipoingia, hakwenda. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni namna yao ya kusema. Hapana, ni sheria, na wanaishika. Mtu anaweza kutoka kwake alfajiri na viatu vya kupandia na mkongojo, akapanda kutwa, akarudi magoti yamechubuka na midomo imepasuka kwa baridi. Kama hakuandika jina, basi siku ile alikuwa nyumbani. Majirani watamuuliza kama mchana alipata usingizi. Mkewe atasema alikuwa anakaza kamba za kitanda. Na hakuna anayetabasamu wakati wa kuyasema hayo. Asiyekuwemo Kitabuni haongei barazani, na siku ya kumwoza binti yake husimama mtu mwingine mahali pake, yeye akakaa na waalikwa.

Nilipangiwa kufikia kwa Bi Nakijwa, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mshonaji wa kofia. Hizi kofia lazima nizieleze. Ni za ukindu, pana, na kila upande zina kipande cha kitambaa kilichokunjwa na kufungwa kwa kifungo. Mpandaji akimwona mtu ameketi kando ya njia chini ya kilele, yaani ameshindwa kuendelea, hufungua kifungo cha upande ule, kitambaa kikamwangukia usoni, akapita bila kumwona. Kitambaa hicho wanakiita stara. Bi Nakijwa ndiye aliyesifiwa mji mzima kwa stara zisizopenya mwanga.

Jioni ya kwanza aliandaa sahani tatu, na sisi tulikuwa wawili. Ya tatu aliiweka mbele ya kiti kilichokuwa kitupu. Akaingia jirani kuazima ungo, akakigeukia kile kiti, akasema, "Bwana Senkoro, habari za hapa ndani?" akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri ajibiwe, akaaga akaondoka. Nilijua nimefikia kwenye nyumba ya msiba, au ya wazimu. Nikala. Ugali wa sahani ya tatu ukapoa, ukafanya utando, na Bi Nakijwa akaumwagia kuku.

Asubuhi nikamwona amesimama mbele ya ukuta penye vigingi vya kutundikia viatu. Kigingi kimoja kilikuwa wazi. Aliniuliza bila kugeuka, "Kaka, kwenu mtu akitoka nyumbani, mnasemaje?"

Nikamwambia tunasema ametoka.

"Na asiporudi?"

"Tunasema hajarudi. Tunamfuata."

Akakigusa kile kigingi kitupu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi sema wewe. Mimi siruhusiwi."

Nikaelewa. Nikasema kwamba Senkoro, mume wake, amekwenda mlimani na hajarudi. Alishika ukuta kwa mikono miwili. Hakulia. Aliinua vidole sita. Siku sita, na juu kule usiku maji huganda ndani ya kibuyu. Binti yao alikuwa aolewe mwezi ujao, na Senkoro, ambaye mara tatu alikuwa amerudia njiani, hakutaka kukaa na waalikwa kwenye harusi ya mtoto wake. Hayo ndiyo niliyoyapata kwake kwa kuuliza na yeye kutikisa kichwa, kwa sababu mke wa Irango akisema kwamba mumewe ametoka na hayumo Kitabuni, anakuwa amemtangaza kwamba ameshindwa. Ni aibu kubwa kuliko kumtukana hadharani, na wakosefu wa hilo hutengwa, hawaombwi hata moto.

Nilimwambia nitasema mbele ya Baraza. Nilidhani ni jambo jepesi. Nilidhani kwamba hawajui tu.

Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Kiondo, ndiye pia Mtunza Kitabu. Ni mzee safi, mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Alinikaribisha vizuri, nikaeleza niliyoitiwa. Niliwaambia habari za wanaosalimiana na wasiosalimiana, wakaandika. Niliwaambia kuna nchi ambako njia inapita katikati ya shamba la mtu na mwenye shamba haruhusiwi kuifunga, wakashangaa. Nikawaambia kwamba kwetu kuna lango chini ya mlima, na kila anayepanda huandikwa pale kabla hajainua mguu, ili asiposhuka ijulikane.

Hapo ukumbi mzima ulicheka, kicheko cha adabu, viganja midomoni. Mjumbe mmoja akauliza: mnamwandika mtu ambaye bado hajafanya kitu? Mwingine akataka kujua kama kwetu watu huandika pia majina ya watoto ambao hawajazaliwa. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema kwamba Senkoro yuko mlimani siku ya saba leo, na ninaomba watu kumi na machela.

Kicheko kiliisha. Walitazama chini wote, na nikaona kwamba wanajua. Mji mzima ulikuwa unajua tangu siku ya kwanza.

Bwana Kiondo hakukasirika. Alinieleza kwa utaratibu asili ya sheria yao. Zamani, alisema, kijana mmoja alirudi bila kufika kileleni, na watu walimcheka sokoni, watoto wakamtungia wimbo, mpaka akajitupa bondeni. Mji ulijuta sana. Wakaapa kwamba Irango hakuna mtu atakayeambiwa tena ameshindwa. "Tangu siku hiyo hajashindwa mtu," alisema. "Mgeni wetu, unatutaka tutume machela kwa mtu aliye nyumbani kwake. Mkewe alimwandalia chakula jana jioni. Wewe mwenyewe ulikuwapo."

Nikasema maneno ambayo sitayarudia. Alisubiri nikamaliza, kisha akaniuliza, kwa sauti ileile, kama lile lango letu linaandika kila mtu. Nikasema kila mtu. Akauliza, "Hata anayebeba mizigo?"

Pale langoni kwetu wageni huandikwa jina, nchi, umri na namba ya mtu wa kumjulisha. Chini yao kiongozi huandika: wapagazi, kumi na wawili. Ni mimi niliyekuwa nikiandika. Mwaka mmoja tuliteremka kumi na mmoja, nikafuta, nikaandika kumi na mmoja, upungufu wa mpagazi mmoja kwa sababu ya baridi, nikatia sahihi. Bwana Kiondo alinitazama nilivyonyamaza, akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga kikao.

Kesho yake kabla ya jua nilianza kupanda peke yangu. Mgeni haruhusiwi kumsaidia mpandaji, lakini hakatazwi kupanda, na Bi Nakijwa alikuwa amenipa bila neno kibuyu cha uji, shuka mbili na kofia. Kofia niliiacha kwenye kigingi cha Senkoro.

Njia yao ni nzuri, lazima niseme ukweli. Imefagiwa, mawe yamepangwa, hakuna takataka hata ganda la yai. Watu walikuwa wengi, wanapanda kwa kasi, kila mmoja na pumzi zake. Niliwaamkia kwa mazoea, na hawakuitika, maana kumsalimia mpandaji Irango ni kumuuliza anakokwenda, na kumuuliza anakokwenda ni kumtia wasiwasi kwamba huenda asifike. Mbali upande wa kulia, ng'ambo ya korongo, niliona msafara wa Solwe unazunguka taratibu, na wimbo wao ulikuja na upepo ukapotea. Kibanda chao kimoja kilikuwa kimetukabili. Nilimwona hata karani wake ameketi kibarazani na kalamu yake.

Nilikuwa nimejiandaa kutafuta. Nilikuwa na kamba, nilikuwa nimeshapanga korongo lipi nianze nalo. Jamani, sikutafuta kitu. Saa tano hivi niliona watu walio mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, wakinyanyua mkono wa kulia, wakifungua kifungo, kitambaa kinaanguka, wanapita hatua kama ishirini, wanakikunja tena. Nilipofika mahali pale nikatazama kulia. Senkoro alikuwa ameegemea mwamba, hatua nne kutoka njiani. Mtoto angemrushia jiwe akampata.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa ulikuwa nje. Ulikuwa na rangi ambayo niliwahi kuiona mara mbili maishani, na harufu yake ilinifikia kabla sijamkaribia. Mbele yake palikuwa na mahindi ya kuchoma, viazi, vibuyu vitatu vya maji, hata kipande cha asali kwenye jani. Waliomwona hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesimama, wamempa mgongo, wamenyoosha mkono nyuma na kumwekea chakula kama wanaotoa tambiko, wakaendelea na safari. Ndiyo maana alikuwa hai siku ya nane.

Alipoona kivuli changu kimesimama, alivuta kofia yake akajifunika uso. "Pita, ndugu," alisema. "Mimi nipo nyumbani."

Nilikaa chini, nikalia. Sioni haya kuandika hivyo. Nilipomaliza nikampa uji, nikamfunga mguu kwa fito mbili, nikamfunga mwenyewe mgongoni kwangu kwa zile shuka kama tulivyozoea kumfunga mgonjwa tusiyekuwa na machela yake. Alikuwa mwepesi kuliko mzigo wa mpishi. Nikageuza uso kuelekea chini, naye akaanza kunisihi.

Kilele kilikuwa kimebaki mwendo wa saa mbili, kinaonekana wazi, hata lile sanduku la mawe ungeweza kulidhania. Aliniomba nimpandishe. Hakuomba kwa kelele. Alisema anajua mguu umekwisha, anajua na yeye huenda amekwisha, lakini akiandika jina atakuwa amekwenda, na kama amekwenda basi hata kufa kwake kutakuwa kumetokea mahali. Nimebishana na wageni wengi juu ya kugeuza njia. Huyu ndiye pekee ambaye hoja yake ilinishinda, nikageuza hivyohivyo, kwa sababu mtu mwenye mguu ule hapandishwi.

"Ukinishusha," aliniambia sikioni, "nani atajua nilikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Mimi nitajua."

Watu waliokuwa wakipanda walitukabili, na sasa, kwa kuwa tulikuwa katikati ya njia, walishusha stara za pande zote mbili wakatupisha kwa kupapasa, wengine wakijikwaa. Ili asilale nikawa namwongelesha. Nilimwambia habari za lango letu na yule mpagazi wa kumi na mbili. Nilimwambia kwamba aliitwa Ndekirwa, kwamba alikuwa akipika chai ya tangawizi nzito hata kijiko kikakataa kuzama, na kwamba koti alilokuwa nalo usiku ule lilikuwa langu, bovu, nilimpa nikabaki na zima. Miaka kumi na minne sikuwa nimelitaja jina lile. Senkoro akaniuliza, "Mlimfuata?" Nikasema hapana, tulikuwa na wageni wa kuwahisha. Akasema, "Basi mimi umenifuata," akaacha kuniomba.

Tuliingia mjini jua limepinda. Milango ilifungwa mbele yetu, taratibu, bila kishindo, watu wakitusitiri. Kwa tabibu tulifunguliwa, kwani tabibu ni lazima afungue. Alimlaza Senkoro, akachukua karatasi, maana bila karatasi dawa haitoki stoo. Akauliza ameumia wapi. Nikasema mlimani. Kalamu ikasimama.

Alinifafanulia, huku jasho linamtoka, kwamba hawezi kuandika hivyo. Mgonjwa hayumo Kitabuni. Akiandika mlimani atakuwa ameandika uongo kwenye karatasi ya serikali, na zaidi atakuwa amemwaibisha mtu asiyeweza kujitetea. Nilimshika shati. Nilikuwa tayari kumpiga, na ningempiga, lakini Bi Nakijwa aliingia. Alikuwa amekimbia, na upande mmoja hakuwa na kiatu. Alimtazama mumewe, akautazama mguu, akaitazama ile kalamu, akaelewa yote kwa pumzi moja.

"Ameteleza kwenye kizingiti cha jikoni," alisema.

Kalamu ikaanza kwenda. Na hapo ndipo niliposhangazwa na Irango kuliko pote. Habari zilienea kwamba Bwana Senkoro ameanguka jikoni kwake, na mji ulifurika. Walikuja kutoa damu zao, walileta kuku, mablanketi, mafuta ya kondoo. Vijana wanne walikimbia mwendo wa nusu siku kufuata dawa. Wanaume wale wale walioshusha stara asubuhi walisimama nje ya dirisha wakilia machozi ya kweli, wakisema kizingiti kile ni kirefu mno, siku zote wamesema. Tabibu aliukata mguu vizuri, kwa mkono usiotetemeka. Lakini sumu ilikuwa imeshapanda tumboni. Senkoro alifariki siku ya pili, saa tisa mchana, mkewe amemshika mkono. Alikuwa ameshaacha kuongea. Alichonisemesha mara ya mwisho ni kuniuliza tena lile jina la mpagazi, nikamtajia.

Msiba ulikuwa mkubwa. Bwana Kiondo alizungumza kaburini, akasema marehemu alikuwa mtu wa nyumbani, mpenda nyumba yake. Wakati huohuo aliletewa barua kutoka Solwe, akanionyesha kwa kuwa niliiomba. Makarani wa kule, kwa adabu zote, walikuwa wanawaarifu majirani zao kwamba kwa siku nane mfululizo mtu mmoja mwenye kofia ameonekana ameketi kwenye mwamba upande wa Irango. Kwamba siku tatu za kwanza alipunga mkono, jumla mara arobaini na moja. Kwamba siku ya nane aliondolewa na mtu asiye na kofia. Kwa kuwa hakuwa kwenye mzunguko, hawakuona kama wana ruhusa ya kumwendea. Waliomba wathibitishiwe jina lake ili waikamilishe safu. Bwana Kiondo aliikunja barua mara nne. Alisema watamjibu karani kwamba amekosea, kwani siku hizo zote watu wa Irango walikuwa ama wamefika, ama wapo majumbani.

Siku ya tatu ya msiba walikuja mafundi watatu, kofia zao za stara vichwani, kuvunja kile kizingiti. Mji ulikuwa umekubaliana, bila kuombwa na mtu, kwamba jambo kama hili lisitokee tena. Kiongozi wao alikuwa fundi Mbelwa, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekua pamoja na Senkoro. Alipima, akainama, akapapasa lile jiwe kwa kiganja, akaanza kulia peke yake. Akanivuta nje, nyuma ya banda la kuku.

"Nilimwona siku ya pili," alisema. "Nilimwekea yale mahindi. Alinijua kwa viatu, akaniita jina. Ningefanya nini, mzee wangu? Nilimsitiri."

Nilitaka kumwambia kwamba ni muuaji. Maneno yalikuwa mdomoni. Ila nilikumbuka mkono wangu mwenyewe ulivyofuta kumi na wawili ukaandika kumi na mmoja, kwa mwandiko mzuri, nikashindwa. Nilimwambia arudi kazini.

Nilipoingia kuaga, Bi Nakijwa alikuwa jikoni anawachemshia mafundi chai. Walikuwa wamepiga magoti karibu na miguu yake, wanagonga. Walikuwa wameshang'oa jiwe la kwanza na wamechora kwa chaki mahali pa kuweka nguzo ya kushikia. Pembeni ya jiko zilikuwa zimepangwa kofia saba za wateja, hazijamalizika, na mkasi juu yake. Stara zote alikuwa amezikata.

Nilimpa pole, nikasema ninaondoka. Alinitazama usoni, kisha akatazama kile kiti, ambacho sasa kilikuwa kitupu kwa ruhusa ya serikali.

"Kaka," alisema, "sema tena."

Nilijua anachotaka. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nikiwaitia wapagazi kwenye upepo, ili kila aliyekuwemo asikie, "Senkoro alikwenda mlimani. Mimi nilimwona."

Nyundo zikanyamaza. Bi Nakijwa akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Fundi Mbelwa, akiwa bado amepiga magoti, akanyanyua mkono, akafungua kifungo, akashusha stara upande tuliosimama sisi, wenzake nao wakashusha za kwao. Kisha wakaendelea kugonga.